Debe la Nani?

Sijawahi kufurahia watoto kufeli kama nilivyofurahi asubuhi ile. Wanafunzi arobaini na saba wa darasa la tano, maswali kumi, wastani wa alama tatu nukta moja. Nilijumlisha kwa kichwa, nikajumlisha tena kwa simu, jibu likawa lile lile. Nikapiga makofi peke yangu mle ofisini mpaka mwenzangu anayefundisha Kiswahili, aliyekuwa anamenya karanga, akanitazama juu ya miwani.

"Madam, watoto wamefeli na wewe unacheka?"

"Wamefeli vizuri," nikamwambia. "Wamefeli vile vile nilivyotaka."

"Mungu akusamehe," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Ilikuwa hivi. Miaka sita nilikuwa nafundisha vipimo vya ujazo hapa Bariadi kwa kuchora jagi ubaoni. Jagi langu lilikuwa zuri, lina mpini na mistari, na watoto walilinakili kwa bidii, wengine wakalipaka rangi. Siku moja nikauliza, lita moja ni kubwa kiasi gani? Mvulana mmoja akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayeonyesha upana wa ng'ombe. Darasa zima likaafiki. Nikafuta lile jagi.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba vipindi viwili vya Ijumaa ili watoto wajifunze vipimo kwa mradi, washike vitu kwa mikono. Vipindi hivyo vilikuwa vya kunakili maswali ya mitihani iliyopita, na nani asiyejua kwamba Ijumaa mchana mtoto ananakili huku roho yake iko njiani kwenda nyumbani. Mkuu wetu ni mtu wa suruali iliyonyooshwa mpaka unaogopa kuigusa, na neno "mradi" alilitamka kama anataja homa.

"Wiki mbili," akasema.

"Sita."

"Madam, hapa siyo mnadani."

"Tano basi."

Tukafunga kwa nne. Sharti lake lilikuwa moja. Nitoe mtihani kabla, nitoe mtihani ule ule baada, na wastani upande. Yeye alitaka ufike nane, mimi nikasema sita, nikaanza kufungasha madaftari yangu kama mteja anayeondoka dukani, akaniita nikiwa mlangoni. Saba. Tukifika saba, vipindi ni vya mradi mpaka mwaka uishe. Tusipofika, vinarudi kwenye kunakili, na atakayekuwa anayaandika hayo maswali ubaoni ni mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Sasa mimi nimekulia mnadani. Mama alikuwa anauza mahindi na karanga, na nilijua kushusha bei ya kuanzia kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mtu akikuambia atakupima kabla na baada, unachohitaji ni "kabla" iliyo chini kabisa. Nikatunga maswali saba yaliyojaa mililita na robo lita. Mkuu aliyasoma, akaelewa mchezo, akachukua kalamu akaongeza ya kwake matatu katikati, ili watoto wasikate tamaa, alisema. La nne: debe moja la mahindi lina lita ngapi? La tano: gunia lina debe sita, je, lina lita ngapi? La sita: mama amenunua debe mbili na nusu, amenunua lita ngapi? Majibu akayaandika mwenyewe pembeni, kwa wino: ishirini, mia moja ishirini, hamsini.

Ndiyo matokeo yale niliyoyapigia makofi. Darasa zima lilipata alama mia moja arobaini na sita. Maswali matatu ya mkuu waliyapata wote, kila mmoja: alama mia moja arobaini na moja. Maswali yangu saba yaliingiza alama tano, watoto wote pamoja, na mbili kati ya hizo nashuku ni za kubahatisha.

"Unaona?" mkuu akasema. "Ya kwangu wanayajua."

"Naona, Mkuu," nikasema, na moyoni nilikuwa nacheza.

Ijumaa ya kwanza niliwaambia kila mmoja aje na kipimo kinachotumika nyumbani kwao. Walikuja wakisikika kutoka barabarani. Ndoo, makopo ya rangi tunayoyaita sado, bakuli, vikombe vya bati, na madebe tisa. Msichana mmoja anayekaa dawati la mbele, ambaye mama yake anauza mahindi sokoni na ambaye yeye mwenyewe huongea kana kwamba mteja yuko ng'ambo ya barabara, alitua debe lake mezani kwangu, pwaa!

"Madam, kwetu yapo mawili. La kununulia na la kuuzia. Mama kasema nilete la kuuzia, la kununulia leo lina kazi."

Nilingoja darasa licheke. Hakuna aliyecheka. Nyuma mmoja akasema, "Hata sisi." Mwingine akasema, "Sisi tumeleta la kununulia, la kuuzia limetoboka."

Nilikaa chini kidogo. Mama yangu pia alikuwa nayo mawili. La kununulia lilikuwa limegongwa tako mpaka likatokeza nje kama tumbo, ili lipokee. La kuuzia lilikuwa limegongwa likaingia ndani. Nilijua hilo tangu nina miaka saba, niliyabeba yote mawili kichwani, na bado katika kila mtihani wa maisha yangu, mpaka ule wa chuo cha ualimu, niliandika lita ishirini na nikapata vema.

Tukapima. Nilikuwa nimenunua chupa za maji za lita moja, maduka matatu tofauti, kwa sababu simwamini mwenye duka mmoja, tukazilinganisha mpaka tukaridhika. Matundu tuliziba kwa sabuni ya mche. Mmoja anamimina, mmoja anashika ukingo, wote wanahesabu kwa kelele, na akikosea mmoja tunamwaga, tunaanza upya. Madebe tukayapa namba ili asiaibike mtu. Debe namba moja, lita kumi na saba. Namba mbili, ishirini na moja. Namba tatu, lile la dawati la mbele, kumi na nane. Hakuna hata mawili yaliyolingana. Kila jibu lilipotoka walirukaruka kwenye maji kama wamefunga goli, na sakafu ikawa jaruba la mpunga. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kulalamika, akakuta tuko lita ya kumi na sita ya namba tano, akabaki mlangoni mpaka mwisho.

Ijumaa ya pili asubuhi, mama wa namba tatu akafika kwa bodaboda, kitenge kimefungwa kwa haraka.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," nikaitikia salamu yake ya Kisukuma.

"Nimefuata debe langu."

"Tulikuwa tunalipima."

"Mnalipima nini, mayu? Debe si debe?"

"Ndiyo tunalolitafuta."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasogea. "Mmeandika ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na jina langu mmeandika?"

"Tumeandika namba tatu."

Akashusha pumzi. Kisha macho yakamwendea ubaoni, kwenye orodha. "Huyo namba moja mwenye kumi na saba ni nani?"

"Hatutaji."

"Kumi na saba!" Akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Namjua! Mwache tu, namjua! Kumbe mimi nina huruma!"

Akaondoka na debe lake. Lakini Ijumaa iliyofuata binti alikuja na lile jingine kichwani, na ujumbe: mama anauliza, na hili je? Ndilo analoendea kijijini Migato kununulia mahindi kwa wakulima. Lilimeza lita ishirini na tatu. Darasa lilipiga mluzi. Binti akaandika kwenye daftari, akatoa kumi na nane kwenye ishirini na tatu, akatazama tano yake kwa muda mrefu, kisha akafunga daftari taratibu, kwa heshima.

Jumatatu baada ya Ijumaa ya nne nikatoa mtihani ule ule. Nilianza kusahihisha nikiwa naimba. Swali la kwanza, vema. La pili, vema. La tatu, vema, vema, vema, kalamu nyekundu inateleza yenyewe. Nikafika la nne.

Hakuna mtoto hata mmoja aliyeandika ishirini.

"Debe namba sita, lita 19." "La kwetu ni 22, la jirani sijapima." "Ukinunua 23, ukiuza 18." "Inategemea." Mmoja alichora debe, akaweka mshale kwenye tako, akaandika "angalia hapa." Na kwa kuwa la tano na la sita yalijengwa juu ya debe hilo hilo, nayo yalikwenda na maji. Kwa majibu ya mkuu, yale ya wino, ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mara arobaini na saba. Maswali yangu saba walikuwa wameyala karibu yote. Nikajumlisha: mia mbili sabini na tatu. Nikajumlisha tena nikitumaini nimekosea, mara yangu ya kwanza kutumaini hivyo. Tano nukta nane.

Yaani wangebaki na ujinga wao kuhusu debe, tungeshinda na chenji.

Kesho yake asubuhi nilizibeba karatasi mpaka kwa mkuu kabla hajanifuata. Alizipitia taratibu, akilamba kidole.

"Kabla, maswali yangu waliyapata wote. Baada, hakuna. Madam, wewe ni mwalimu wa kwanza ninayemjua kufundisha watoto wakatoka wanajua pungufu."

"Wanajua zaidi, Mkuu."

"Karatasi inasema sifuri."

"Hiyo karatasi ya majibu kaiandika nani?"

Alikohoa. "Niliiandika mimi."

"Basi nipe swali la nne tu. La tano na la sita chukua."

"Mimi siuzi maswali."

"Muulize mtoto mmoja. Kwa mdomo. Chagua wewe."

Akafungua dirisha. Darasa langu lilikuwa nje linafagia uwanja, yaani linapigana kwa fagio. Sauti moja ilizizidi zote, na mkuu akaita hiyo. Nikasali kimya kimya. Msichana wa dawati la mbele akaingia, akapiga goti kidogo.

"Debe moja lina lita ngapi?"

"Debe la nani, Mkuu?"

"Debe! La... la shule."

"La shule hatujalipima, Mkuu. Mpishi alitukatalia."

Mkuu akasimama. Debe la shule ndilo linalopokea mahindi ya uji na makande. Kila mzazi analeta debe moja kila muhula, linapimwa stoo mbele ya mpishi. "Debe hilo nimelinunua mimi mwenyewe," akasema. "Ni lita ishirini."

"Labda, Mkuu," binti akajibu, kwa adabu kabisa.

Ile "labda" ndiyo iliyomtoa ofisini. Alitembea mpaka stoo kwa hatua ndefu, nami nyuma yake, na nyuma yangu arobaini na saba wenye fagio, maana habari ilishapita dirishani. Mpishi alisimama mlangoni na mwiko.

"Mkuu, nina uji wa saa nne!"

"Dakika mbili, mama."

Chupa zikaletwa mbio. Sabuni ikaletwa, ingawa debe lenyewe halikuvuja. Binti akamimina na mkuu mwenyewe akahesabu kwa sauti, kwanza ya kiongozi, halafu ilipofika kumi na mbili ikawa sauti ya mtu, na ilipofika kumi na nane alikuwa amechuchumaa, suruali ile ile, goti moja kwenye maji.

"Ishirini! Simama hapo!"

Wote tukachungulia. Mpaka ukingoni palikuwa pamebaki vidole viwili.

"Bado, Mkuu," binti akasema.

"Ongeza kidogo."

Ishirini na moja. Bado. Nusu chupa tena, na maji yakafika ukingo, yakatetemeka, yakatulia. Ishirini na moja na nusu. Binti akapitisha kiganja chini ya debe, akapapasa, akainua uso. Alikuwa na furaha ya fundi aliyegundua ugonjwa wa pikipiki.

"Lina tumbo, Mkuu. Hili ni la kununulia."

"Mimi nimelikuta hivyo hivyo!" mpishi akasema, mwiko juu.

"Ulilinunua wapi, Mkuu?" nikauliza, kwa sauti ndogo kabisa niliyokuwa nayo.

"Mnadani." Alikuwa bado amechuchumaa. "Kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha biashara ya mahindi. Alisema hili ni zuri, halijawahi kumwangusha."

Hapo nilijua tumekwisha. Mkuu aliyeaibishwa mbele ya darasa na mpishi hatoi kipindi hata kimoja. Halafu ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama bodaboda inayogoma kuwaka, ikakatika, ikaanza tena, ikawaka. Mkuu anacheka. Alishika gunia asianguke. Watoto walisubiri kwanza kuhakikisha ni kicheko kweli, kisha stoo nzima ikalipuka, mpishi naye, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikaomba nafasi.

Katikati ya zogo hilo, bila kuulizwa, watoto walikuwa wamekwisha kaa chini wanapiga hesabu kwa vijiti kwenye vumbi la mlangoni.

"Lita moja na nusu kila mzazi," binti akasema. "Mara arobaini na saba. Arobaini na saba, na nusu yake ishirini na tatu na nusu. Sabini na nusu!"

"Sabini na nusu!" wakajibu wengine watatu ambao hawakuwa wamesikia kwake.

Mkuu akatoa simu, akabonyeza, akaitazama. Akabonyeza tena. "Sabini na nusu," akasema, kama anasoma barua ya mtu mwingine.

"Hiyo ni ya darasa letu tu. Na shule nzima, Mkuu?" binti akauliza.

"Shule nzima mtapiga Ijumaa."

Nilirukia hapo hapo. "Ijumaa, Mkuu? Kwani Ijumaa kuna kipindi cha mradi?"

"Nimesema Ijumaa?"

"Umesema. Mashahidi arobaini na saba, na mpishi."

Akanitazama. Akaketi juu ya gunia la mahindi, akanyoosha mkono. "Lete karatasi. Na hiyo kalamu nyekundu."

Akayasahihisha upya maswali yake matatu, pale pale. Aliyetaja debe la nani na akafanya hesabu sawasawa kuanzia hapo, alimpa zote tatu. Aliyeandika "inategemea" akaishia hapo, hakumpa kitu. "Hilo siyo jibu," alisema, "hilo ni neno la dalali." Nikataka kubisha, nikakumbuka ninakotoka, nikamsogezea karatasi inayofuata. Thelathini na wanne walipata, kumi na watatu walikosa. Alama mia moja na mbili. Ukizijumlisha na zile za mwanzo, mia tatu sabini na tano. Saba nukta tisa na kidogo.

"Tuseme nane," nikasema.

"Tuseme saba. Saba ndiyo tuliyokubaliana, umeivuka, vipindi ni vyako." Akarudisha kalamu. Jioni ile ile aliita kamati ya wazazi na kuwaeleza mwenyewe, na muhula uliofuata kila mzazi alipunguziwa lita moja na nusu.

"Na kipindi cha tatu, Mkuu? Maana kuna sado hatujazigusa."

"Madam, toka kwenye stoo yangu."

Nikatoka. Uji wa saa nne ulinywewa karibu saa sita siku hiyo, kwa sababu debe lilikuwa darasani kwetu limepinduliwa, watoto wawili wanaligonga tumbo kwa jiwe ili lirudi ndani, wengine wamejipanga na chupa, na mpishi amesimama mlangoni, mwiko kwapani, anauliza wamefika ngapi.

"Ishirini na nusu!"

"Gongeni tena," akasema.